Dungu Halina Kuta

Kwetu Rufiji mpunga haulindwi kwa uzio, unalindwa kwa macho. Ukianza kutoa masuke, familia hushuka bondeni na kuhamia shambani, kwenye dungu: kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo za miti, sakafu ya fito, paa la nyasi, na ngazi ya gogo moja lililochongwa vidato. Mchana mnafukuza ndege, usiku mnafukuza nguruwe. Tangu watu walipohamishwa bondeni kwenda vijiji vya juu baada ya mafuriko ya mwaka 1968, nyumba ilibaki huku na shamba kule, na dungu likawa makao ya pili ya mkulima.

Misimu mingi ya utoto wangu nililala kwenye dungu la babu, upande wa Mohoro. Babu alikuwa na gobore. Kitako chake kilifungwa waya pale kilipopasuka, na mtutu wake ulinizidi kimo. Nguruwe wakisikika, babu aliketi, akamimina baruti kwa kipimo cha kifuniko cha chupa, akatia kitambaa, akashindilia kwa mdeki taratibu kama mtu anayetwanga dawa, akaweka goroli, kisha fataki. Mara nyingi alipiga hewani. Kishindo kiliviringika bondeni mpaka mtoni, na kabla moshi haujaisha, sauti zilianza kutoka madungu ya jirani: "Mzee, kulikoni huko?" Naye alijibu kwa sauti ya juu: "Nguruwe! Wamekimbilia kwenu!"

Usiku mmoja kikohozi kilimbana akachelewa kujibu. Haikupita muda tukaona vijinga vya moto vinakuja gizani, vitatu, vinne, vikipita kwenye matuta ya mpunga. Majirani walikuwa wanakuja kuona nani amepigwa, au nani amepiga. Babu hakukasirika. Aliwashukuru, akawapa tumbaku, wakarudi. Asubuhi akaniambia, "Mjukuu wangu, bunduki ikilia lazima mtu ajibu. Siku utakayosikia bunduki inalia na hakuna anayejibu, ondoka mahali hapo."

Maneno hayo yaliniingia siku ileile, lakini maana yake nimeipata polepole, kwa miaka mingi.

Leseni ya gobore aliitunza ndani ya mkebe wa majani ya chai, pamoja na stakabadhi zake za kodi. Kila mwaka alikwenda Utete kuilipia. Niliwahi kumuuliza kwa nini analipia kitu ambacho tayari ni mali yake. Akasema, "Jembe langu nikilishika, jasho ni langu na hasara ni yangu. Hili likilia linamhusu jirani. Kinachomhusu jirani, lazima jirani ajue kiko kwa nani." Sijasikia mwanasheria akieleza msingi wa kuandikisha silaha kwa maneno machache kuliko hayo.

Lakini babu huyohuyo hakulipenda daftari la serikali kwa moyo mweupe, na alikuwa na sababu. Sisi tumekua kwenye ardhi ya Majimaji. Kinjeketile Ngwale, mganga wa vita hiyo, alitoka Ngarambe, na alinyongwa Mohoro mwezi Agosti mwaka 1905, vita ndiyo kwanza imeanza. Vita ilipozimwa mwaka 1907, baada ya njaa kuua watu kuliko risasi, Wajerumani walizikusanya bunduki za wenyeji wa kusini. Wazee walisimulia kwamba waliofurahi ni nguruwe. Mtu aliyebaki na shamba alibaki na mkuki na kelele. Kisha kikaja kipande, ile kadi ya kazi iliyowekwa alama kila siku mtu aliyofanya kazi kwenye shamba la mzungu. Mwenye kipande alikuwa ameandikwa jina, na siku zake zilikuwa zimehesabiwa, lakini yeye hakuwa na mahali pa kumwandika bwana shamba aliyemdhulumu. Daftari lile lilikuwa na upande mmoja.

Kwa hiyo nimerithi mambo mawili kutoka kwa mzee mmoja: imani kwamba silaha lazima ijulikane iko kwa nani, na shaka juu ya mtu anayeandika wenzake huku yeye haandikwi popote. Kwa miaka mingi nilidhani mambo haya yanapingana, kwamba lazima nichague moja, uhuru au usalama.

Babu alifariki mwaka 2011. Leseni ilikuwa ya jina lake, ikaisha pamoja naye. Gobore halikuisha. Baba mdogo alilifunga kwenye gunia, akalipandisha darini, akasema ni kumbukumbu ya mzee. Nilimsaidia kushika ngazi. Mwaka 2016 ulipotangazwa uhakiki wa silaha nchi nzima, nilimkumbusha. Akaniambia, "Mwanangu, nikilipeleka leo wataniuliza lilikuwa wapi miaka mitano." Niliona ana hoja, nikanyamaza. Nakiri hapa kwamba nilijua sheria ya udhibiti wa silaha na risasi, ile ya mwaka 2015, inasema nini juu ya silaha isiyo na leseni, na bado nilinyamaza. Nilijiambia ni gobore tu.

Ukaja mwaka 2017. Anayetoka Mkuranga, Kibiti au Rufiji hahitaji kukumbushwa. Wenyeviti wa vijiji, watendaji na wajumbe walipigwa risasi majumbani mwao, wengine mbele ya watoto. Tarehe 13 Aprili waliuawa askari polisi 8 kwa mkupuo mmoja wilayani Kibiti. Bunduki zililia usiku na hakuna aliyejibu. Wapo walioondoka, kama babu alivyoagiza, wakahamia Mbagala kwa ndugu zao na magodoro kichwani.

Mwezi Mei bodaboda zilipigwa marufuku kutembea kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Katika miezi hiyo tulimzika shangazi yangu mkubwa. Tulizika mapema, tukasoma dua kwa haraka, na watu wakaanza kuaga kabla chakula cha msiba hakijaiva, kila mmoja akitazama jua. Njiani basi letu lilisimamishwa kwenye kizuizi. Tukashuka wote, mizigo ikafunguliwa. "Unatoka wapi? Ulikwenda kwa nani? Nani anakufahamu huko?" Nilijibu yote. Nilishukuru kwamba kuna mtu anauliza, kwa sababu wiki ileile mtu wa kijiji cha pili alikuwa ameuawa. Hapohapo niliona aibu kusimama na sanda iliyobaki mikononi, nikieleza msiba wangu kwa mtu nisiyemjua. Kijana mmoja hakuwa na kitambulisho. Alichuchumalishwa kando ya barabara, na basi likaondoka bila yeye. Hakuna aliyemsemea, nami sikumsemea. Sijui jina lake, lakini mpaka leo naikumbuka fulana yake ya kijani.

Niliporudi kijijini baadaye nilikuta ulimi wa watu umefungwa. Jirani mmoja alinieleza kwa kunong'ona: "Ukisema, waliokusikia watakuja usiku. Usiposema, waliokuuliza watarudi mchana." Balozi wetu, mzee ambaye maisha yake yote aliandika wageni wa nyumba zake kumi, utaratibu uliokuwepo tangu siku za TANU miaka ya 1960, alilichimbia daftari lake chini ya ghala la mpunga. Zamani kuandikwa na balozi kulimaanisha mgeni amepokelewa, na akiugua usiku kuna mtu anayejua ametoka wapi. Sasa kushika lile daftari kulitosha kumtia mtu hatarini. Na mwezi Novemba tarehe 21 mwaka huohuo, mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji yale, alitoweka Kibiti. Hajaonekana tena.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa la swali nililokuwa nikijiuliza. Kumbe mambo mawili ya babu hayapingani. Mwaka ule tulipoteza usalama na uhuru pamoja, vyote kwa chanzo kimoja: nguvu isiyojibu. Mwenye bunduki usiku hakujibu. Na penye hofu kubwa namna ile, anayeuliza mchana naye hujiona hadaiwi jibu. Mwananchi amebanwa katikati ya pande mbili zinazomfahamu yeye, na yeye hazifahamu.

Silaha zile hazikuota kama uyoga. Kuna tukio tulilokuwa tumeanza kulisahau. Tarehe 12 Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, kilivamiwa usiku, wakauawa watu 7, wakiwemo askari polisi 4, na bunduki zikaporwa. Bunduki zile zilikuwa zimeandikwa, kila moja na namba yake, ndani ya ghala la dola yenyewe. Kwa hiyo kuandika peke yake hakulindi. Ulinzi ni kuandika, kisha kutunza kilichoandikwa, kisha kutoa hesabu kikipotea. Tukimdai mkulima hesabu ya gobore lake, na ghala lenye mamia ya silaha lidaiwe hesabu hiyohiyo, tena mapema zaidi.

Somo jingine nililipata mahali ambapo sikulitarajia, chini ya mwamvuli wa wakala wa laini za simu. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na siku ya mwisho ikasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Shangazi yangu mdogo alikuja Dar es Salaam kwa ajili hiyo, maana simu ndiyo njia yake ya kupokea hela kutoka kwa wanawe. Akaweka kidole gumba kwenye kile kimashine. Kikakataa. Cha shahada, kikakataa. Wakala akampangusa kwa spiriti, akampaka mafuta ya mgando, akajaribu vidole vyote kumi. Mikono ile imeshika jembe na mchi kwa miaka 50; michirizi yake imelika, imebaki ngozi laini kama ya ngoma. Shangazi aliviangalia vidole vyake kwa mshangao, akauliza, "Kwa hiyo mimi si mtu?" Mara ya nne mashine ilimkubali, kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto.

Siku chache baadaye nilipiga *106# kwenye simu yangu, kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Nikakuta namba moja nisiyoifahamu. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa akizungumza, pengine akitapeli, kwa jina langu. Nilihangaika siku mbili mpaka ikafungwa. Hasira ilipotulia niliona jambo. Mfumo uleule ulioruhusu nidhulumiwe ulinipa pia mlango wa kuiona dhuluma yenyewe. Kipande cha enzi ya babu wa babu hakikuwa na mlango huo. Tofauti ya daftari la kutawala na daftari la kulinda iko hapo: je, aliyeandikwa anaweza kulifungua, akasoma lililoandikwa juu yake, akasema "hapa mmekosea," na likafutwa?

Ndiyo maana nilifurahi ilipopitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa ajili gani, na ya kudai zirekebishwe. Katiba yetu, ibara ya 16, ilikwisha kutambua kwamba maisha ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi yana hifadhi. Na ibara ya 30 imekumbusha kwamba haki ya mmoja isivunje haki ya wenzake. Majirani zetu wa Kenya walilipeleka jambo hili mahakamani: tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza mfumo wa kuandikisha watu, Huduma Namba, usikusanye vinasaba vyao, na ikataka ziwekwe kwanza kanuni madhubuti za kulinda taarifa. Majaji hawakusema serikali isiandike watu wake. Walisema hata mwandikaji ana mipaka.

Mimi si mwanasheria. Ninayasoma haya kwa macho ya mtu aliyeacha gunia darini. Na ninaona mstari ambao nisingependa tuuvuke. Silaha iandikwe kwa sababu ni silaha: imetengenezwa kuua, na anayeimiliki amejitwalia kitu kinachomhusu jirani. Mwananchi asifuatiliwe kwa sababu tu ni mwananchi. Kutembea kwake, kusali kwake, kumpigia simu dada yake usiku, hayo hayamtishi mtu. Mwenye bunduki ndiye anayepaswa kueleza kwa nini anayo. Mtu asiye na chochote mkononi asilazimishwe kueleza kwa nini yupo. Tukichanganya hayo mawili, tutatumia nguvu zetu zote kumwangalia kijana wa fulana ya kijani, na gunia litaendelea kukaa darini.

Mwaka 2022 serikali ilitangaza msamaha: kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Oktoba, mwenye silaha asiyoimiliki kihalali aisalimishe kwa hiari na hatashtakiwa. Nilipanda basi Mbagala Rangi Tatu alfajiri kwenda kijijini. Baba mdogo alikuwa amezeeka, macho yamefifia. Tulikaa barazani muda mrefu. Hofu yake haikuwa kulikosa gobore. "Watajua kwamba miaka ile lilikuwa hapa," alisema. "Na mimi watoto wangu wapo." Nilimwelewa. Mtu aliyewahi kubanwa na pande mbili hauamini mlango ulioachwa wazi. Nikamwambia, "Baba, miaka ile lingeweza kuchukuliwa usiku mmoja tu, likatumika, na jina lingekuwa letu." Akanyamaza, kisha akaita mjukuu wake alete ngazi.

Gunia lilishuka na vumbi la miaka 11. Waya wa kitako ulikuwa umeshika kutu, lakini mdeki ulikuwa mahali pake. Baba mdogo aliupangusa mtutu kwa kikoi chake, polepole, kama anayemwosha maiti. Kituoni alitupokea askari wa makamo. Hakutupigia kelele. Alilikagua, akaandika kwenye kitabu chake: aina, hali, siku, jina la aliyeleta. Hapo nikasema, kwa sauti iliyonitetemeka kidogo, "Afande, na sisi tunaomba maandishi." Alinitazama, nikadhani nimeharibu. Kisha akavuta karatasi, akaandika kwamba amepokea gobore moja, akaweka jina lake, namba yake na sahihi. Baba mdogo aliichukua ile karatasi kwa mikono miwili. Nyumbani aliiweka ndani ya mkebe wa majani ya chai, juu ya leseni ya mzee.

Nimeitafakari karatasi ile mara nyingi. Haina muhuri wa kutisha wala maneno makubwa. Lakini kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu, aliyetuandika na yeye aliandikwa. Siku ile hatukupunguziwa uhuru. Tulirudi tukiwa wepesi, na nadhani hata yule askari alilala salama zaidi, kwa kuwa kuna mtutu mmoja ambao hautamvizia barabarani.

Haya ndiyo niliyojifunza, na ninayapeleka kwa yeyote anayelinda na yeyote anayelindwa. Usiogope kujulikana kwa kitu kinachoweza kumdhuru jirani. Ukikificha, siku moja kitajibiwa na mtu asiye na hatia. Usikubali pia kuandikwa na mtu asiyetaja jina lake. Muulize kwa upole, kama anavyokuuliza yeye, na ubaki na karatasi yako. Na ukimwona mwenzako amechuchumalishwa kando ya barabara, usipande basi kimyakimya kama nilivyofanya mimi. Walau sema, "Namfahamu," au uliza, "Amekosa nini?"

Msimu uliopita nilishuka bondeni tena. Watoto wa binamu zangu sasa hufukuza nguruwe kwa tochi na madebe. Nilipanda dungu jioni, jua likizama nyuma ya mikoche. Kutoka juu pale niliyaona mashamba yote, nani analima wapi, nani amewasha moto. Na kila aliyeinua macho aliniona na mimi, kwa sababu dungu halina kuta. Mlinzi amekaa juu, mbele ya wote anaowalinda. Usiku madebe yalipogongwa upande wa mtoni, nilisikia mtu anaita, "Kulikoni huko?"

Na mtu akajibu.